Kuua Ukungu au Kuutangulia

Mwaka 1885, mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulioiokoa mizabibu na ubwiri vinyoya. Baadaye ukatumika pia kwenye viazi na nyanya. Funika jani kwa sumu, kimelea kife kabla hakijapenya: dawa ya mankozebu inayopulizwa leo kwenye nyanya zetu inafuata wazo hilohilo.

Wakulima wa chinampa, bustani zilizoinuliwa kati ya mifereji ya maji, huko Xochimilco, Mexico, walikuwa wameshika njia nyingine karne nyingi kabla ya Millardet. Huchota tope la mifereji, hulirutubisha kwa mimea ya majini na samadi, kisha huotesha mboga humo. Watafiti walipoupima udongo huo miaka ya 1980, walikuta unakidhibiti pithiamu, kimelea kinachosababisha kinyausi, kwa wingi wa vijidudu vinavyokinyima nafasi. Huko Brazil nako, mtafiti Wagner Bettiol alionyesha mwaka 1999 kuwa maziwa mabichi yaliyochanganywa na maji hupunguza ubwiri unga kwenye zukini.

Tusizigawe njia hizi kwa kusema hii ni kemikali na ile ni ya asili. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa unakubalika katika kilimo hai cha Ulaya, lakini shaba iliyomo haiozi, hujilimbikiza udongoni. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7.

Kinachozitenganisha hasa ni wakati. Sumu huweza kungoja dalili za hatari, kama baridi na mvua, mradi ipulizwe kabla kimelea hakijapenya. Kiumbe hai sharti kitangulie. Trikoderma, kuvu anayekula kuvu wenzake, tabia aliyoieleza mtafiti Weindling mwaka 1932, hulinda mzizi akiwa ameshakaa hapo. Miche ikishalala, umechelewa. Na bakajani chelewa ikishalipata shamba lenye baridi na mvua, maziwa na mboji havitaliokoa.

Kwa hiyo mkulima wa Lushoto au Kilolo, hapa Tanzania, asiharakishe kulitupa bomba la kupulizia dawa. Aanzie kitaluni: mboji iliyoiva, trikoderma iliyosajiliwa, na mzunguko wa mazao usioruhusu nyanya kufuata viazi. Nanyi wauza pembejeo, vihifadhini vijidudu hivi vya trikoderma mahali pa baridi, mbali na jua. Vikifa dukani, mkulima atakuwa amenunua unga mtupu, na hatarudi tena kuvijaribu.