Kapasitansi si Ujazo

Kapasita ni mabamba mawili ya metali yanayotazamana bila kugusana, katikati yake pana kihami. Kapasitansi ni uwiano wa chaji iliyojikusanya kwenye bamba kwa volti iliyoipeleka hapo. Kipimo chake ni faradi, kutokana na jina la Mwingereza Michael Faraday.

Wapo wanaoifasiri kuwa “uwezo wa kuhifadhi chaji”. Maelezo hayo hueleweka upesi, lakini humfanya mwanafunzi afikirie ndoo inayojaa hadi ukingoni. Kapasita haijai hivyo. Ukiongeza volti, chaji nayo huongezeka kwa uwiano uleule, mpaka kihami kitoboke. Kapasitansi yenyewe haibadiliki, kwa kuwa huamuliwa na umbo la kifaa na aina ya kihami. Ndiyo maana unaweza kuikokotoa kabla ya kuunganisha betri.

Chukua vipande viwili vya karatasi ya alumini ya jikoni, kila kimoja sm 20 kwa sm 25, uvitenganishe kwa karatasi moja ya A4. Eneo, A, ni mita za mraba 0.05. Unene, d, unapatikana kwa rula: rimu ya karatasi 500 ina kimo cha kama sm 5, hivyo karatasi moja ni mm 0.1. Kanuni ni C = kε₀A/d. Hapo ε₀ ni 8.85 × 10⁻¹² faradi kwa mita, na k ni idadi ya mara ambazo kihami huzidisha kapasitansi kuliko ombwe. Kwa karatasi tuchukue 3. Jibu ni kama nanofaradi 13.

Mita ya kapasitansi ikisoma nanofaradi 5 tu, kagua mikunjo ya alumini. Hewa ina k ya karibu 1, kwa hiyo mwanya wa mm 0.05 tu hudhuru zaidi kuliko kuongeza karatasi ya pili. Weka kitabu kizito juu yake, namba itapanda.

Kapasita ya feni ya dari huwa na maikrofaradi 2.5 hivi. Kwa alumini na karatasi zetu, ingehitaji zaidi ya mita za mraba 9. Viwandani hupunguza d: metali hupakwa moja kwa moja juu ya utando wa plastiki wenye unene wa maikromita chache, kisha huviringishwa. Hewa haipati pa kujificha.