Bwate Isiyo na Klachi: Otomatiki Ilivyopanda Milima ya Masisi

Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita kama 25, na hapo hakuna shofere anayejisifu. Majisifu huanza Sake, barabara inapouacha mwambao wa Ziwa Kivu na kuanza kupanda Masisi. Inapita Mushaki, kwenye vilima vya malisho vilivyo juu ya mita 2,000, inashuka na kupanda hadi Masisi Centre, inagusa Nyabiondo, kisha inateremka kuingia msitu wa Walikale, ambako joto ni jingine, mvua ni nyingine, na potopoto humeza gurudumu hadi kwenye ekseli. Ndani ya msitu huo ndiko kuliko Omate, machimbo ya dhahabu ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliyataja katika ripoti yao ya 2010 kuhusu madini na watu wenye silaha. Mchele, sabuni na misumari inayokwenda huko husafiri kwa pikapu sehemu ya njia, kwa pikipiki sehemu nyingine, na kwa mgongo wa mtu sehemu iliyobaki.

Katika njia hiyo pikapu huulizwa maswali mawili tu. Itapanda ikiwa na mzigo? Itashuka bila kuua watu? Kwa miaka mingi shofere wa Kivu alijibu kwa kushika fimbo ya gia na kukanyaga ambreyaji, ambayo majirani wa Uganda na Tanzania wanaiita klachi. Bwate ya otomatiki (bwate ndiyo giaboksi huku kwetu, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa) ilionekana kuwa kitu cha lami. Nimeusikiliza ubishi huo katika garaji nyingi za Goma, na nimefikia kuamini kwamba otomatiki ilisingiziwa. Nyingi ya zile zilizokufa hapa ziliuawa, na aliyeziua hakuwa hata amelisoma jina la bwate.

Historia ya otomatiki inaanzia majini. Mwaka 1905, katika karakana ya meli ya Vulcan huko Stettin, mji ambao leo ni Szczecin wa Polandi, mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alikuwa na tatizo: mitambo mipya ya mvuke ilizunguka kwa kasi kubwa mno kwa pangaboi la meli. Dawa yake ilikuwa magurudumu mawili yenye mapanga, yanayotazamana ndani ya oili bila kugusana. Weka feni mbili mezani zitazamane, washa moja. Upepo wake utaizungusha ya pili ingawa haina umeme. Mahali pa upepo weka oili, na utakuwa umeuelewa msingi wa konveta. Lakini oili inayopigwa hivyo hupata joto, na gurudumu la pili linapozunguka polepole huku la kwanza likienda kasi, joto hupanda upesi. Sentensi hiyo moja inaeleza vifo vingi vya bwate kwenye barabara ya Sake.

Magari yaliipokea baadaye. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ilitangaza Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940, bwate ya gia nne iliyosimamiwa na mhandisi Earl Thompson, na mnunuzi aliongeza dola 57 kuipata. Vita vilipowaka, bwate hiyohiyo iliwekwa ndani ya vifaru vyepesi vya Marekani: M5 kilikuwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake, na M24 kilichofuata kilikuwa vivyo hivyo. Anayesema otomatiki ni mtoto wa lami amesahau kwamba ujana wake ulikuwa ndani ya kifaru, kwenye matope ya Ulaya. Amani iliporudi ikahamia kwenye magari ya kazi, na mwaka 1953 mnunuzi wa pikapu ya Ford F-100 aliweza kuiagiza bila kanyagio la klachi.

Kuna jambo dogo la enzi hiyo ambalo naona lina uzito kwetu kuliko mengine yote. Bwate nyingi za mwanzo zilikuwa na pampu mbili za oili. Ya mbele ilizungushwa na injini, ya nyuma ilizungushwa na magurudumu. Kwa hiyo betri ikifa, watu walilisukuma gari, pampu ya nyuma ikajenga presha, injini ikawaka. Katika miaka ya 1960 watengenezaji waliiondoa pampu ya nyuma ili kupunguza gharama. Tangu hapo otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, na ikivutwa kwa kamba magurudumu yake yakiwa chini, vyuma vya ndani huzunguka vikavu, kwa maana hakuna pampu inayovipelekea oili.

Sasa fikiria desturi zetu. Gari likigoma Mushaki, vijana kumi hulisukuma. Likiharibika kabisa, lori la Fuso hulivuta hadi Sake. Desturi hizo mbili zimeokoa maelfu ya manyueli, yaani magari ya gia za mkono. Kwa otomatiki, ya kwanza ni bure na ya pili ni kaburi. Shofere aliyevutwa kilomita 40 akafika garaji na bwate iliyoungua alisimulia kwamba otomatiki haiwezi milima, na kila aliyemsikia aliamini.

Japani ndiyo iliyotuletea bwate hizi. Aisin-Warner ilianzishwa 1969 kwa ubia wa Aisin ya Japani na BorgWarner ya Marekani. Jatco ilifuata 1970, Nissan ikiwa mmoja wa wabia. Nyingi ya otomatiki zilizofika Goma zilizaliwa katika nyumba hizo mbili, ingawa zimevaa nembo za kila aina. Ile familia ya gia nne ambayo Toyota inaiita A340 iliwekwa pia katika Jeep Cherokee ya 1987 kwa jina la AW4. Makanika anayelijua hilo anaweza kupata diski za Hilux kwenye boksi lililoandikwa jina la Jeep, na asiyelijua atarudi mikono mitupu.

Lakini Kivu haikuzipokea mapema. Land Cruiser ya 70, iliyotoka 1984, ilikuja kwetu kama pikapu ya gia za mkono. Wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda Julai 1994, karibu watu milioni moja katika siku chache, mashirika ya misaada yaliijaza Goma Land Cruiser hizohizo, na mafundi wa mji walijifunza kazi juu yake. Zaidi ya hapo, sehemu za Walikale hazikungoja pikapu kabisa. Madini ya bati ya Bisie yalitoka msituni mgongoni mwa wabebaji, gunia la kilo 50 kwa mtu, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Na pale Kilambo kipande cha lami kilichobaki kutoka enzi ya Zaire kiligeuzwa uwanja, ndege ndogo za mizigo zikitua barabarani, zikipakia na kurudi Goma. Mahali ambapo ndege inatua barabarani kwa sababu gari halipiti, mjadala wa aina ya bwate ulikuwa bado haujaanza.

Ulianza magari ya mtumba yalipozidi. Wajapani wenyewe waliachana na gia za mkono, na leo zaidi ya magari tisa kati ya kumi mapya yanayouzwa kwao ni otomatiki, kwa hiyo mtumba wao nao ni otomatiki. Hilux iliacha kuuzwa Japani 2004 ikarudi 2017. Katikati hapo zilikuja zile za Thailand, na Hilux Surf, na Prado. Baadhi zilishukia Mombasa zikapita Kampala na Bunagana, nyingine Dar es Salaam na Kigali, na nyingine zilisimama kwanza Dubai, ambako usukani ulihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto ili zifae barabara za Kongo. Mnunuzi alichagua rangi na bei. Bwate ilikuja kama ilivyokuja.

Ndipo kazi ya kutambua ilipopata thamani. Toyota hubandika kibati cha chuma, mara nyingi chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na mstari mmoja wa kibati hicho hutaja ekseli na bwate. A ya mwanzo ni otomatiki. E ya mwisho ni udhibiti wa umeme, F ni bwate ya gari la magurudumu manne. A340E na A340F ni ndugu, lakini huwezi kuchukua ya kwanza kutoka gari la jijini ukaifunga kwenye pikapu ya kupanda Masisi, kwa sababu nyuma yake hakuna mahali pa kufunga transfa. Hilux iliyotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2015 inatesa zaidi: umbo moja, boneti moja, lakini nyingi za mwanzo zilikuwa na gia nne na za baadaye tano. Oili zake ni tofauti. A340 ya zamani hunywa Dexron. A750F ya gia tano hunywa oili nyepesi ambayo Toyota inaiita WS. Sokoni Birere, hapa Goma, zote ni nyekundu, zote huitwa hidroliki, na muuzaji atakuapia kwamba ni kitu kimoja.

Makanika mmoja wa Goma, mzee ambaye vijana wake wanamwita Papa, alinikataza nisiguse injini kabla sijasoma kibati. Siku ile tulikuwa na pikapu iliyopanda kutoka Sake ikakataa gia ya tatu. Aliivuta stiki ya oili, akainusa, akaipangusa kwenye karatasi nyeupe.

“Unaona rangi?”

“Kama chai ya maziwa, Papa.”

“Rejeta imepasuka ndani. Maji yameingia kwenye bwate. Sasa hata ukinipa oili ya Mungu, hazitapona.”

Alikuwa akisema juu ya diski. Katika magari mengi oili ya bwate hupozwa kwa mrija unaopita ndani ya rejeta, na ukuta kati ya oili na maji ukitoboka, maji huingia. Diski za otomatiki zimevikwa utando unaofanana na karatasi nzito, uliogundishwa kwa gundi kwenye bati. Ukilowa maji gundi huachia. Kubadilisha oili hapo ni kumwosha maiti.

Kwa hiyo bwate ilishushwa. Kazi ya kuijenga upya ina subira ambayo sikuitarajia. Hakuna kitambaa cha nyuzi kinachoruhusiwa, kwa kuwa uzi mmoja ukiingia kwenye valvu bodi, valvu hukwama na gia haiingii. Kila ngoma hufunguliwa na diski zake kupangwa mezani kwa utaratibu zilivyotoka, zikihesabiwa kwa sauti. Diski mpya hulowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa, la sivyo zitaungua mwendo wa kwanza. Ngoma ikishafungwa, kijana hupuliza hewa ya kompresa kwenye tundu lake, na Papa anainamisha kichwa kusikiliza. Mlio mfupi mzito maana yake pistoni imesukuma na sili zimeshika. Sauti ya hewa inayovuja maana yake fungua tena. Waliifungua mara mbili.

Mwisho ni konveta, na hapa ndipo wengi huharibu kazi ya siku nne. Lazima izungushwe kwa mkono hadi ikae kabisa kwenye meno ya pampu. Ikiwa bado nje kidogo na fundi akaikaza kwa bolti za injini, pampu huvunjika kabla gari halijawashwa.

Papa hakuirudisha pikapu kama ilivyokuja. Aliufunga ule mrija wa ndani ya rejeta asiuhitaji tena, akaweka mbele kipozeo cha pembeni chenye mapezi, kinachopigwa na upepo. Mrija wa kupumulia wa bwate, ambao kiwandani huishia chini, aliuongeza hadi juu chini ya boneti ili mito ya Walikale isimimine maji ndani. Vitu viwili vya bei ndogo. Oili ya bwate yenye afya hukaa karibu na nyuzi 80. Ikipita 120 kwa muda mrefu huanza kuungua, na gari lililojaa magunia likijikongoja kwenye potopoto hufika huko bila shofere kujua. Kisha alimwita shofere.

“Kupanda, usiiache kwenye D. Teremsha mwenyewe, weka L, konveta ipumzike. Kushuka, vilevile L. Ukiacha D utashuka kwa breki peke yake, na breki zitaisha kabla ya mlima.”

“Na ikifa njiani, Papa?”

“Toa propela shafti zote mbili, ndipo uvutwe.”

Maneno hayo, pamoja na vile vitu viwili vya bei ndogo, yangeziokoa bwate nyingi zilizooza nyuma ya garaji zetu. Hayahitaji mashine, na shofere yeyote anaweza kuyashika kwa dakika tano. Inaniuma kwamba muuzaji wa gari hayasemi.

Mwishoni mwa 2023 Toyota ilianza kutoa Land Cruiser 70 yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 na otomatiki ya gia sita, pikapu ikiwamo. Gari ambalo kwa karibu miaka 40 lilikuwa ushahidi wa upande wa gia za mkono limevuka upande wa pili. Hilux ilikuwa imetangulia na gia sita tangu 2015, na Goma bwate hizo zimeanza kushushwa kwenye meza za mafundi. Nilimwona Papa akiizunguka moja, akiinama kila upande kutafuta stiki ya oili. Haina. Kiwango chake hupimwa kwa kulegeza bolti chini ya sampo, injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kwenye joto lililopangwa, hadi itiririke uzi mwembamba. Alimtuma kijana mjini kutafuta kipimajoto, akaketi juu ya tairi kumngoja.