Kutoka simile hadi honi: njia panda za Unguja na vyombo vya maringi mawili

Anayepita Darajani leo kwa pikipiki anapita juu ya bahari ya zamani. Pale palipojaa daladala, wauza nguo na wanunuzi wa samaki palikuwa na mkono wa bahari ulioingia kutoka Funguni na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yakijaa, watu walivuka kwa daraja, na pahala pakaitwa Darajani. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na juu ya kifusi ikapita Creek Road, ambayo sasa kwenye vibao ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Soko lilikuwa limeshajengwa pembeni yake tangu mwaka 1904.

Nayataja haya mwanzo kwa sababu nimesomesha historia skuli mpaka nikastaafu, na nyumbani nimewafundisha vijana wa ukoo wetu kuendesha vespa, na kwangu masomo haya mawili ni somo moja. Njia panda za Unguja hazikuchorwa kwa ajili ya injini. Hii ilizaliwa na daraja, ile na soko, nyingine na reli au njia ya punda wa shamba. Anayeanza kuendesha bila kujua makutano yake yametokana na nini hushangaa mbona magari yanamzukia kutoka pande asizozitazamia.

Tuingie kwanza Mji Mkongwe wenyewe: Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo. Vichochoro vile ni nafasi iliyobaki baada ya nyumba kujengwa, na kipimo chake kilikuwa mtu na mzigo wake, au punda. Kona ni kali na ukuta ni mrefu, kwa hiyo jicho halikuonyeshi kinachokuja. Watu wa mji wakategemea sauti. Hamali mwenye gunia begani au mkokoteni mbele yake aliita "Simile! Simile!" au "Habedari!" kabla hajafika konani, na aliye upande wa pili akajibana ukutani au akapanda barazani mpaka mzigo upite. Mwenye mzigo mzito ndiye aliyepishwa. Mtu mkono mtupu alingoja. Hapakuwa na askari wala kibao, na utaratibu huu ulifanya kazi kwa sababu moja ambayo vijana wangu huwa nawarejeshea kila mara: hamali alikuwa akitembea. Ukelele wake ulitangulia mwili wake kwa hatua kadhaa, na kama hakusikiwa, aliweza kusimama.

Njia panda yenyewe ilikuwa na heshima yake. Pwani nzima wazee walizoea kupeleka kafara njia panda: yai, nafaka, kipande cha kitambaa, pengine sarafu. Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga na kuokota. Sisemi wazee waliweka kafara kwa ajili ya usalama wa barabarani. Walikuwa na shughuli yao nyingine kabisa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Unguja alifika njia panda amepunguza mwendo, macho yakitazama chini, mbele na pembeni. Natamani dereva mpya afike vivyo hivyo.

Chombo cha kwanza cha moto kuusumbua utaratibu huu kila siku kilikuwa treni. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga reli ya maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na mwaka 1905 ilikuwa ikifanya kazi. Ndani ya mji ilipita katika njia nyembamba za upande wa Malindi, karibu mno na milango ya watu. Reli ile haikumaliza miaka ya 1920, maana magari yalishaanza kuichukulia abiria. Mwaka 1923 mpangaji miji wa Kiingereza, Henry Lanchester, akatoa mpango wake wa mji wa Zanzibar, na tangu siku hizo mpaka leo wakubwa wa kila zama wamekuwa wakijaribu kupanua njia ambazo zilianza kama ujia wa miguu. Kutoka kwa Waingereza tukabaki na kuendesha kushoto, pamoja na ada ya kutazama kulia kwanza.

Sasa nifike kwenye vespa, maana hapo ndipo napapenda zaidi. Vespa ilizaliwa Italia mwaka 1946, ikafika kwetu na kuzoeleka kiasi kwamba jina lake likawa jina la skuta yoyote. Iliwafaa makarani, walimu na wenye maduka. Hunywa mafuta kidogo, huingia vichochoroni, na ile sahani yake ya mbele humkinga mwenye kanzu au buibui na tope. Baada ya Mapinduzi ya 1964 magari ya watu binafsi yalikuwa machache na spea zilikuwa taabu, kwa hiyo aliyekuwa na vespa aliitunza kama mboni ya jicho. Ami yangu, karani wa bandarini, alikuwa nayo moja ya rangi ya majani ya mgomba. Kwa vespa hiyo hiyo alinifundisha, asubuhi za Jumapili, kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo navyo ni sehemu ya ule mkono wa bahari uliofukiwa.

Vespa ya zamani gea zake ziko mkono wa kushoto. Unabana klachi, unauzungusha mkono mzima, na kati ya gea ya kwanza na ya pili pana nyutro. Ukizungusha kwa woga, mkono unabaki hapo katikati. Injini inalia kwa nguvu, ringi la nyuma halivuti, na wewe umekaa kati ya njia huku daladala ya Bububu inakujia. Kwa hiyo ami alikuwa na sharti: gea ichaguliwe kabla ya njia panda, si ndani yake. Hatua nyingi kabla ya makutano aliniamrisha niachie mafuta, niingize ya pili, niusikie mwendo unavyopungua wenyewe, mguu wa kulia uwe juu ya breki ya sakafuni bila kuikanyaga. Ikibidi kusimama, mguu wa kushoto ndio unaoshuka chini, wa kulia unabaki na breki yake. "Mwanangu," akiniambia, "ukifika pale uwe umeshamaliza kazi ya mikono, ubakiwe na kazi ya macho tu."

Nimefundisha pikipiki za kila namna tangu wakati huo, na sijaona sababu ya kulibadilisha sharti hilo.

Michenzani ni mfano wa makutano ya aina nyingine. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, serikali ya Mzee Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ilipasua Ng'ambo kwa barabara pana na kusimamisha majumba marefu ambayo watu waliyapa jina la treni. Barabara hizo zinakutana kwenye mzunguko mkubwa katikati. Hapa ndipo watu wa Unguja walipolazimika kujifunza mzunguko kwa kweli: mwenye kuingia humngoja aliyekwishamo, anayetokea kulia. Kanuni hiyo si ya kale kama watu wanavyodhani. Uingereza kwenyewe ilianza kutumika rasmi nchi nzima mwaka 1966, sisi tulikuwa tumeshajitawala. Wazee wa Ng'ambo walioona vitongoji vyao vikigeuka barabara waliyajua makutano yale kwa miguu kwanza, walijua nyumba ya nani ilikuwa wapi. Anayeingia leo kwa pikipiki hana kumbukumbu hiyo. Anaona duara pana, anadhani upana ni usalama, anaongeza mafuta. Upana wa Michenzani ndio unaoyapa magari mwendo. Mwanafunzi wangu huingia pale akiwa nyuma ya gari moja kwa nafasi ya kutosha, hajibani ubavuni mwake, kwa sababu gari lililo kulia kwako kwenye mzunguko likikata kutoka, linakukata wewe.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, maduka ya Darajani yakajaa, na pikipiki zikaingia kutoka Dubai, Japani, baadaye India na China. Watu nao wakaongezeka: sensa ya 2002 ilihesabu Zanzibar nzima watu 981,754, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Bodaboda, ambayo ilianza kwa baskeli za kuvushia watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ilichelewa kuvuka bahari, lakini sasa imejaa kwetu mjini na shamba. Njia panda ni zile zile. Mkunazini, pale inapoingia barabara ya Kisiwandui na Michenzani, nafasi ni ile ile waliyoiacha waliofukia maji.

Kilichobadilika zaidi, kwa maoni yangu, ni maana ya honi. Vijana wetu wamerithi simile, wakaiweka kwenye kidole gumba, na wakaacha nyuma mwendo wa hamali. Wanapiga honi konani bila kupunguza, wakiamini kwamba wameshatoa taarifa na sasa njia ni yao. Nimemwambia mtoto wa kaka yangu, na nasema tena hapa, kwamba honi inaeleza upo. Haikupi haki ya kupita. Alinijibu, "Shangazi, lakini wao ndio hawatazami." Ni kweli hawatazami, na uchunguzi unamuunga mkono. Mwaka 1981 huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa University of Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki za Los Angeles walizozifuatilia wenyewe. Waligundua kwamba pikipiki ilipogongana na gari, karibu mara mbili kati ya tatu mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki, na makutano ndiyo yaliyokuwa mahali pa ajali zaidi. Mara nyingi dereva alikuwa akikata kona mbele ya pikipiki inayokuja mbele yake. Wao huendesha kulia, kwa hiyo kona hiyo kwao ni ya kushoto. Kwetu ni gari linalotoka mbele yako likikatia kulia, kama daladala inayoingia kituoni.

Dereva yule si lazima awe mtu mbaya. Pikipiki kwa mbele ni nyembamba, ina taa moja, na jicho la mwenye gari linashindwa kupima iko mbali kiasi gani na inakuja kasi gani. Ndiyo maana namfundisha anayeanza asiutazame uso wa dereva akadhani ameonekana. Atazame ringi la mbele la gari. Uso unaweza kukuelekea na mawazo yakawa kwengine, lakini gari haliwezi kukata kona bila ringi lake kugeuka, na likianza kugeuka unapata nafasi ya kukanyaga breki ambayo mguu wako tayari uko juu yake. Taa iwashwe mchana kutwa. Usijifiche nyuma ya ubavu wa daladala ukavuka nayo pamoja, kwa sababu anayengojea upande wa pili anaiona daladala tu, ikishapita anaingia. Wala usipite kushoto kwake ikisimama. Huko ndiko wanakoshukia watoto wa skuli.

Shamba kuna mambo yake. Njia panda ya Paje inakusanya magari ya kutoka mjini, ya Bwejuu na ya Jambiani, na humo wamo wageni waliokodi skuta, wengi wao wakitoka nchi zinazoendesha kulia. Mgeni huyo akifika pale jicho lake hukimbilia kushoto kwanza. Mpishe hata kama haki ni yako. Kuna pia mchanga unaoletwa na upepo na maringi, ukalala hasa pale unapohitaji breki. Vuli inapoanza, mvua ya kwanza hulainisha mafuta yaliyodondoka lami, na ringi dogo la vespa huteleza kabla hujajua. Jozani waliweka matuta barabarani kwa sababu kima punju walikuwa wakiuawa na magari, na matuta yale yameokoa kima. Watoto wa vijiji vingine vya kando ya njia wanastahili matuta hayo hayo.

Miaka hii Serikali imejenga daraja la juu Mwanakwerekwe na kupanua barabara nyingi za mjini, na nafurahi. Hata hivyo daraja la juu halitafika Sokomuhogo, wala Darajani haitakuwa na nafasi nyingine. Kwa hiyo naomba mawili. Mwenye kijana anayetaka kuanza, kabla hajamkabidhi ufunguo, aende naye kwa miguu: wasimame Darajani saa moja asubuhi, halafu Mkunazini, halafu Michenzani, na kijana aseme kwa sauti kila chombo kinatoka wapi na kitakwenda wapi, mpaka apatie. Ndipo wahamie Mnazi Mmoja na pikipiki. Na wenye dhamana ya barabara wachore upya mistari ya kusimama kwenye kila mdomo wa njia inayoingia Creek Road na Barabara ya Bububu, popote ilipofutika, kabla ya mvua za masika.