Kulehemu na kuchomelea

Kabanga, wilayani Ngara, kuna nikeli iliyoandamana na shaba na kobalti, na tangu mkataba wa Januari 2021 Serikali ina hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Madini hayo yanawindwa kwa ajili ya betri, na betri ndiyo inayotulazimisha kutenganisha vitenzi viwili tunavyovitumia ovyo. Anayelehemu huyeyusha bati katikati ya vipande viwili, vyenyewe vikabaki vigumu. Anayechomelea huyeyusha kingo zenyewe zikaingiliana. Katika betri ya lithiamu, upande chanya hutumia alumini na upande hasi shaba, hivyo kuunganisha seli mfululizo ni kuzikutanisha metali hizo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, shaba 1,085, na zikikaa pamoja katika hali ya kimiminika huzaa tabaka linalovunjika kama kigae. Leza hupunguza tabaka hilo kwa kuwa joto lake hutua mahali padogo mno na kuondoka upesi. Shaba hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa leza, ndiyo maana mara nyingi hupakwa nikeli kwanza.

Yupo atakayesema kwamba fundi mageti wa Biharamulo huelewana na wateja wake bila utengano huu. Ni kweli, maana huunga chuma kwa chuma. Lakini mwanafunzi wa VETA akiandikiwa “lehemu” badala ya “chomelea”, ataweka bati linaloyeyuka kwenye nyuzijoto 232 mahali panapopita mkondo mkubwa wa umeme, na kiungo kikipata moto sana kitaachia.