Shoka, Jembe na Kibali: Warundi wa Mwaka 1972 Walivyoanza Maisha Tanzania



Kamati ya wakazi imeniomba niandike, katika toleo hili la kumbukumbu ya tarehe 20 Juni, juu ya wakimbizi waliotutangulia. Nimewachagua Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Kwanza, nilizaliwa miongoni mwao. Pili, hapa Uganda mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, na tangu mwaka 2023, familia zilipopangwa kwa makundi ya mahitaji, kila nyumba inauliza swali moja: je, mkimbizi anaweza kujilisha mwenyewe? Wale walijilisha. Lakini habari yao watu wengi huisimulia nusu, na wafanyakazi wa mashirika watanisamehe nikisema kwamba nusu hiyo ndiyo huandikwa katika ripoti.

Mauaji yaliyoanza Burundi mwishoni mwa Aprili 1972 yaliwatoa watu wengi nchini mwao. Walioelekea Tanzania walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, au walipita porini kwa miguu hadi mkoa wa Kigoma. Baadhi yao walibaki huko huko, Kigoma mjini, Ujiji na vijijini. Kirundi na Kiha ni lugha za karibu sana, kwa hiyo mtu aliyenyamaza juu ya asili yake aliweza kupata kazi ya uvuvi, kibarua cha shamba au biashara ndogo. Walio wengi serikali iliwapeleka mbali na mpaka. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973, na mwaka 1978 yakafuata ya Mishamo, kwa kuwa ardhi na maji ya Ulyankulu havikutosha watu waliokuwapo. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi, UNHCR ikatafuta fedha, na shirika la Walutheri lililoitwa TCRS likasimamia barabara, visima, zahanati na shule.

Ardhi yenyewe ilikuwa pori la miombo lenye mbung'o na wanyama wakali. Mishamo peke yake ni zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na ndani yake vilipangwa vijiji 16. Kila familia ilipewa hekta 5. Nyumba zilijengwa kwa mstari kandokando ya barabara, na shamba likaanzia nyuma ya nyumba. Jambo hilo liliwasumbua wazee kuliko linavyoonekana katika ramani, kwa sababu Mrundi alizoea kukaa mlimani, rugo yake peke yake, imezungukwa na migomba.

Wazazi wangu walihamishwa kutoka Ulyankulu kwa lori. Marehemu mama alisimulia kwamba waliteremshwa na vyombo vyao penye nguzo yenye namba, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Pori lilikuwa refu hata jirani hakuonekana. Msimu wa kwanza kazi ilikuwa kukata miti, kuchoma, na kupanda mahindi katikati ya visiki. Kung'oa visiki kulichukua miaka. Posho ilitolewa mpaka mavuno yalipoanza kupatikana, ikapunguzwa, kisha ikakoma. Mama hakulalamikia posho hiyo. Alilalamikia migomba. Jirani mmoja alipopata miche kutoka mbali, watu walikwenda kwake alfajiri kuomba, na baba alirudi na mche mmoja aliolipia kwa siku mbili za kibarua.

Kwa upande wa kazi, matokeo yalionekana upesi. Watu walivuna mahindi, maharage na mihogo ya kula na ya kuuza, na wengine walilima tumbaku. TCRS na UNHCR waliona kwamba kazi yao imekwisha, na makazi yakakabidhiwa kwa serikali: Katumba mwaka 1978, Ulyankulu 1980, Mishamo 1985. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Alistahili, na mimi siwezi kusema vingine, kwani nilisoma shule ya nchi hiyo bila kuulizwa natoka wapi.

Sasa nusu ya pili. Aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali. Mkulima mwenye magunia thelathini hakuweza kuyafuata masoko. Alimngoja mnunuzi mwenye lori, na bei akaitaja mnunuzi. Bibi yangu alipofariki Ulyankulu, baba alikwenda ofisini siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza karani hakuwapo, ya pili mhuri haukuwapo, na ya tatu bibi alikuwa ameshazikwa. Kibali alikipata. Alikikunja akakiweka mfukoni, na siku ile hakuongea na mtu.

Mtafiti Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mwaka 1985 na 1986, aliona tofauti kubwa. Wa Mishamo, wenye shamba na ghala, walishikilia sana kwamba wao ni wakimbizi na siku moja watarudi. Wale wa Kigoma mjini, ambao hawakupewa hata jembe, walikuwa wameshachanganyika na watu. Nadhani kibali kinaeleza sehemu ya jambo hilo: anayeomba ruhusa kila safari hasahau kuwa ni mgeni.

Waliofika baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993 hawakupewa hekta 5. Waliwekwa kambini kwa mgao, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ikabana zaidi kutoka kambini. Wa 1972 wao waliulizwa mwaka 2007 kama wanataka kurudi au kuwa raia. Wengi sana, kama wanne katika kila watano, waliomba uraia, na maombi 162,156 yalikubaliwa kufikia mwaka 2010. Hata hivyo hati hazikutoka, kwa kuwa serikali ilitaka kwanza wahamie mikoa mingine na makazi yafungwe. Watu walikaa miaka si wakimbizi wala raia kamili, wakiogopa kujenga au kupanda mti. Mwishowe waliruhusiwa kubaki, na hati zilianza kutolewa mwaka 2014.

Sisi hatukuwamo. Baba alichagua kurudi, tukafika Burundi mwaka 2009. Shamba la babu karibu na Rumonge lilikuwa na watu wengine, ambao nao walikuwa wameishi pale tangu utoto wao. Wadogo zangu waliosoma kwa Kiswahili waliketi darasani mbele ya mwalimu wa Kifaransa. Tulianza upya, kama wageni, katika nchi tuliyoambiwa ni yetu. Mwaka 2015 tukaikimbia.

Hapa Uganda sheria ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri, jambo ambalo baba angelifurahia kuliko hekta zake. Tatizo letu ni kinyume cha lake: ruhusa ipo, ardhi ni kipande kidogo.

Wazee waliopitia Ulyankulu, Katumba au Mishamo na ambao wamo kambini humu wanaombwa wafike kwa katibu wa kamati. Tungependa kuyaandika masimulizi yao, na kama yupo aliyehifadhi kibali cha kutoka, aje nacho tukione.