Bafle ya kudumu ni ile inayotengenezeka

Familia inayokimbia vita hubeba watoto, sufuria na redio ndogo. Bafle kubwa hubaki nyumbani. Wahami wanaporudi, wakiikuta, wengi huona imekwisha kufa. Lakini historia ya chombo hiki inaonyesha kwamba mara nyingi imeharibika sehemu moja tu.

Mwaka 1925 wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza aina ya bafle inayotumika hadi leo: sumaku, waya uliozungushwa, na karatasi yenye umbo la faneli. Umeme ukipita, waya unatikisika mbele ya sumaku, karatasi inasukuma hewa, na sauti inatoka.

Radio Congo Belge ilianza kutangaza kutoka Léopoldville mwaka 1940. Wakati huo Wakongomani wachache sana walikuwa na redio yao, na wengi walisikiliza kwenye vipaza sauti vya hadharani. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista iliuzwa Marekani. Ndiyo mama wa redio za mawe zinazobebwa mkononi. Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita, redio za namna hiyo zilifikisha habari hata pasipo na umeme.

Mwaka huohuo wa 1954, Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba sanduku dogo lililofungwa kabisa linaweza kutoa besi nzito, mradi ukingo wa karatasi uwe laini sana. Miaka ya 1970 viwanda vingi vilitengeneza ukingo huo kwa sponji. Sponji huoza kwa unyevu na miaka, hata bafle isipopigwa. Mpira na kitambaa hudumu zaidi.

Kwa hiyo, anayenunua bafle ya kukaa nayo aguse ukingo kwa kidole: ukimomonyoka, bei ishuke. Atazame pia kama imefungwa kwa skrubu. Iliyogandishwa kwa gundi humsumbua fundi. Sauti ikianza kukwaruza, aipunguze, maana waya unaweza kuungua.

Na aliyerudi nyumbani asitupe bafle iliyochanika ukingo. Sumaku na waya vikiwa vizima, fundi atabandika ukingo mpya, nayo itaimba tena miaka mingi.