Macho ya Deti ya Kwanza

Kwa watu kama sisi hapa Kisumu, deti ya kwanza huanza kabla soda haijafika mezani. Inaanza kwa macho. Jamaa anakuangalia unavyotembea, mikono unaiweka wapi, sauti yako ni nene ama nyembamba. Na wewe pia unamwangalia hivyo hivyo. Kwenye programu za simu wengine hawafichi: "Kama unajulikana, usinitafute." Ukisoma hayo kila siku, utajikuta unarudia ujumbe wa sauti mara tano ili usikike mwanaume zaidi.

Niliacha chuo, historia najisomea kwa simu nikiwa Obunga. Nilitaka kujua haya macho yalitoka wapi.

Sheria ililetwa na Waingereza. Kuanzia 1897 walitumia hapa Sheria ya Adhabu ya India, halafu 1930 ikaja ya Kenya yenyewe. Kifungu cha 162, kile cha "kinyume cha maumbile", kinaweza kukufunga miaka 14. Cha 165 kinalenga wanaume, miaka 5. Vyote vinaadhibu tendo. Hakuna mahali vimetaja mwendo, hereni au sauti. Lakini tendo la chumbani, mlango ukiwa umefungwa, utalithibitisha vipi? Ndiyo maana watu wakaanza kutafuta ushahidi kwenye mwili.

Februari 2015, Ukunda kule Kwale, polisi walikamata wanaume wawili kwa kushukiwa tu. Walipelekwa hospitali Mombasa wakakaguliwa sehemu za siri, wakapimwa hadi Ukimwi, eti kutafuta ushahidi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona sawa. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema hapana: kumkagua mtu hivyo kwa lazima ni kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu Nairobi iliviacha vifungu vyenyewe palepale. Moja ya hoja za majaji ilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mtu huzaliwa hivi. Bado tunadaiwa ushahidi.

Kwa hivyo msee akiniuliza kwenye deti, "Mbona unaongea hivyo?", namwelewa. Anaogopa kuonekana na mimi. Pia kuna wale wanaojifanya wapenzi, ukifika unakuta wako watatu, wanakunyang'anya simu na kutisha kwamba watakutangaza mtaani. Hofu ina sababu.

Lakini si kila jicho ni la hofu. "Unakaa wapi?" "Obunga." "Aah, kule kwa chang'aa." Kuna mmoja aliwahi kuniambia nanuka samaki, akacheka. Obunga ndiko mama zetu hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa na kupelekwa ng'ambo. Hiyo mifupa imelipa karo nyingi. Hapo hakuwa anaogopa polisi. Alikuwa ananipima bei, kama mtu yeyote mwenye dharau, shoga au si shoga.

Nafikiri tumechanganya vitu viwili. Kukutana mahali penye watu, kumwambia rafiki uko wapi, kuongea kwa video kwanza, huo ni usalama, na usiuache. Kumwambia mtu apunguze mikono ndiyo akae na wewe, hiyo ni kazi ya askari unamfanyia bure, tena kwenye meza yako mwenyewe. Na hata haikulindi, kwa sababu anayekuja kukuibia anaweza kuwa ndiye mwenye sauti nene kuliko wote.

Siku hizi kwenye deti nasema mapema: mimi ni wa Obunga, na ndivyo ninavyoongea. Wengine huondoka kabla ya chips kuiva. Anayebaki, tunaanza kuulizana maswali ya kawaida: unapenda nini, mama yako yuko aje, utarudi na matatu ama boda.